Pingamizi Dhidi ya Mgombea Namba Mbili

Nilimfahamu kwa sababu simu yake iliingia maji. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia kuchezwa nchi hii, na mimi nilikuwa na meza ya kutengeneza simu ndani ya duka la mtu mwingine huko Greyville, Durban, mtaa wa pili kutoka uwanja wa mbio za farasi. Kila simu iliyofika mezani kwangu niliiandika katika daftari: siku, jina la mwenyewe, ugonjwa wa simu, nilichokikuta ndani, nilichokifanya. Hakuna aliyenifundisha. Shule niliiacha darasa la sita, Uvira, na yote niliyoyajua baada ya hapo niliyatoa katika vitabu vya maktaba na katika kufungua vitu na kuvirudisha vilivyokuwa.

Mtu huyo alikuwa amevaa kizibao cha njano cha walinzi wa magari. Alisimama nikiandika, akisoma daftari langu kutoka upande wa pili wa meza, herufi zikiwa zimemgeukia kichwa chini.

“Nani alikufundisha kufungua dossier?” aliniuliza kwa Kiswahili cha Bukavu.

“Hii si dossier, papa. Ni daftari ya simu.”

“Ni dossier, faili ya kesi. Huyu mushitaki. Huyu mushitakiwa. Hii kosa, hii ushahidi, hii hukumu.” Alikuwa anagusa safu moja baada ya nyingine kwa kidole. “Inakosa mwanasheria tu.”

Aliporudi siku ya tatu kuchukua simu, niliambiwa na mwenye duka kwamba yule ni Maître. Kwetu Kongo wakili huitwa hivyo, na jina hilo humfuata kila aendako, hata harusini. Huyu alikuwa amesimama mahakamani miaka kumi na miwili kabla ya kukimbia. Durban alikuwa analinda magari kwenye maegesho ya maduka huko Sydenham, kuanzia saa mbili asubuhi hadi maduka yanapofungwa, na alilijua kila gari la wateja wa kudumu kama karani wa mahakama anavyojua mafaili.

Lazima nieleze chama chetu, maana bila hicho hakuna cha kusimulia. Wakongo wa jimbo tulikuwa na chama, na chama kilikuwa na vyeo: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na cheo kimoja chenye jina refu, Mwanasheria Mkuu wa Jimbo. Jina lilikuwa kubwa kuliko kazi. Mwanasheria Mkuu alitakiwa kwenda kituo cha polisi mtu wetu akikamatwa, kwenda kwa mwenye nyumba akimfukuza mpangaji, kusoma barua zinazotoka serikalini na kusema zinataka nini. Hakuna mwanasheria aliyewahi kukikalia. Wa kwanza alikuwa fundi viatu, wa pili mwalimu wa kwaya.

Katiba ya chama aliiandika Maître mwenyewe, baada ya fujo za 2008 dhidi ya wageni, tulipoamua kujipanga upya. Vifungu ishirini na vitatu, aliviandika akiwa ameketi juu ya kreti ya soda pale kwenye maegesho, akinyanyuka kila gari lilipotaka kutoka. Kifungu cha tisa kilisema kwamba anayegombea cheo chochote lazima aonyeshe karatasi ya ukimbizi iliyo hai siku ya uchaguzi. Karatasi hiyo, tuliyozoea kuiita permit, ina mhuri wa tarehe chini, na tarehe ikipita tunasema imekufa. Kifungu kiliwekwa kwa sababu ya mwenyekiti wetu wa zamani, aliyekwenda polisi kumtoa mtu, akaulizwa permit yake yeye, akabaki ndani pamoja na yule aliyekwenda kumtoa.

Uchaguzi ulipotangazwa, Maître alikuja mezani kwangu bila simu mbovu.

“Nagombea Mwanasheria Mkuu,” alisema. “Nataka karani. Wapiga debe niko nao tayari, sibataki.”

Nilimwambia sijawahi kuwa karani wa mtu.

“Uko karani wa simu mia tatu. Mimi niko mutu moja tu.”

Kampeni yake ilikuwa hivi. Kila Jumapili, baada ya ibada, tuliweka viti viwili na benchi nyuma ya ukumbi wa kanisa huko Greyville, karibu na bomba la maji. Yeye alikaa kiti cha kulia, mimi cha kushoto na daftari jipya mapajani. Mwanachama alikuja, akaketi kwenye benchi, akatoa karatasi zake kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Maître alizisoma zote, mbele na nyuma, hata zile ambazo mtu alisema hazina maana. Kisha alimwambia ukweli. Mimi niliandika jina, aina ya karatasi, na tarehe itakayokufa. Kila Ijumaa nilipitia daftari na kumpigia simu yeyote ambaye tarehe yake ilikuwa imebakiza wiki mbili. Hapakuwa na hotuba wala bango. Nilimuuliza mara moja kama haingefaa aseme neno mbele ya watu. Alijibu kwamba akisema vizuri watampigia makofi, akisoma vizuri watapata permit.

Mpinzani wake alikuwa na saluni katikati ya mji na viatu vyeupe jozi tatu. Wote tulimwita Grand, yaani kaka mkubwa, ingawa wengi wetu tulimzidi umri. Alisema alisoma sheria mwaka mmoja Lubumbashi, na huenda ni kweli. Yeye alikaa upande wa mbele wa ukumbi, penye geti, na soda na redio, na kila aliyetoka ibadani alishikwa mkono na kuulizwa habari za watoto kwa majina yao. Nilimpenda, na kumpenda si kazi. Nywele zangu alizinyoa yeye, hata wakati wa kampeni.

Jumapili moja alisimama kwenye kona ya ukumbi, chupa mkononi, akapaza sauti.

“Maître! Batu banatoka kwako na sura kama bametoka matanga! Uko unaomba kura ao unatangaza batu bamekufa?”

“Natangaza tarehe,” Maître alisema bila kuinua macho.

“Eish! Kuja kunywa soda, papa. Kwangu batu banacheka.”

“Grand, permit yako iko hai?”

“Iko hai kabisa.”

“Mpaka lini?”

Grand alifikiri. Alitazama viatu vyake. “Mpaka... mwezi wa tisa? Wa kumi?”

“Lete nione.”

Na akaja. Aliacha soda na redio na wapiga kura wake getini, akaketi kwenye benchi letu na kutoa permit kutoka kwenye pochi yake. Ilikuwa imebakiza siku tisa. Niliandika jina lake katika daftari la kampeni ya mpinzani wake, na Ijumaa nikampigia simu kama nilivyowapigia wengine. Aliniambia, “Karani, uko mtu muzuri, lakini nitabashinda,” na Jumatatu akaenda kupanga mstari.

Jumamosi moja tulikwenda Chatsworth, kwa sababu nyumba moja huko ilikuwa na wanachama sita. Tulipanda taxi mbili, yale mabasi madogo ya abiria, moja baada ya nyingine. Baba wa nyumba ile alikuwa na barua kutoka ofisi ya wakimbizi aliyoitundika ukutani, ndani ya fremu, karibu na picha ya harusi.

“Hii barua yangu,” alisema kwa fahari. “Grand alisoma, akasema iko muzuri. Angalia mhuri.”

Maître aliomba aishushe. Aliitoa kwenye fremu kwa uangalifu, akaisoma.

“Mhuri ni muzuri,” alisema. “Barua ni mubaya. Wamekataa ombi lako. Uko na siku za kukata rufaa, na zimebaki tano.”

“Umekuja nyumbani kwangu kuniletea mikosi?”

“Mikosi ilikuwa ukutani, papa. Mimi nimeishusha tu.”

Mke wake ndiye aliyetuletea meza. Maître aliandika rufaa kwa muda wa saa mbili nzima, akimuuliza yule baba maswali, na yule baba akijibu huku amegeukia dirisha. Kila jibu aliliandika kwa Kiingereza chake cha polepole, akalisoma kwa sauti kwa Kiswahili, akauliza tena kama ni kweli. Tulipoondoka mke alitushukuru hadi barabarani. Mume hakutoka kutuaga. Niliandika katika daftari: rufaa, siku tano. Kando nikaandika kwa penseli: kura moja imepotea.

Katika taxi ya kurudi nilimwambia kwamba kwa mwendo huu atashindwa.

Tulipita robot ya pili, yaani taa za barabarani. Kisha alinieleza jambo ambalo hakuwa ameniambia. Miaka miwili nyuma aliwaandikia wanaohusika na mawakili wa nchi hii, akaambatanisha shahada yake na vyeti vyake vyote. Walimjibu kwa heshima. Ili asimame mahakamani huku alihitaji ukaazi ambao hana, na masomo kuanzia mwanzo.

“Niko na miaka arobaini na tisa,” alisema. “Nikianza leo nitamaliza wakati wa kuzikwa. Hiki kiti cha chama, najua ni kitu kidogo. Lakini katibu ataandika kwa kitabu: Mwanasheria Mkuu, na kando ataandika jina yangu. Haitaandikwa mara ingine popote.”

Niliposhuka nilitembea hadi nyumbani nikifikiria jinsi alivyolisema hilo, kama mtu anayetaja namba ya nyumba yake.

Mke wake nilimfahamu kwa mikate, ile ya duara ya kukaangwa, aliyoiuza kila Jumapili mlangoni mwa ukumbi katika beseni kubwa la bluu. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye maneno machache, na machache hayo alipenda kuyatumia kumtania mumewe. Nilikuwa nimegundua kitu kimoja kuhusu yeye. Watu wote walimwita mumewe Maître, hata Wazulu wa maegesho, waliodhani ndilo jina lake. Yeye peke yake alimwita baba ya watoto. Siku moja nilikuwa namsubiri Maître nyumbani kwao Sydenham, chumba cha nyuma cha nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, nikamuuliza.

“Bukavu nilimuita Maître hata jikoni,” alisema. “Maître, chumvi iko wapi. Maître, mtoto analia. Alikuwa anapenda.” Alikuwa anakanda unga. “Huku, siku ya kwanza alivaa ile kizibao, nilimuita hivyo kwa barabara, na watu wawili walicheka. Sikutaka bamucheke tena. Basi nikaacha.”

“Yeye aliuliza kwa nini?”

“Yeye ni avocat, mwanasheria. Haulizi swali kama hajui jibu.”

Siku moja kabla ya uchaguzi, alasiri, tulikutana katika chumba hicho kuandaa faili la mgombea. Kamati ilitaka vitu vitatu: barua ya maombi, picha mbili, nakala ya permit. Mama, mke wake, alikuwa anapiga pasi kitambaa cheupe chenye mikunjo, kile wanachofunga mawakili wa kwetu shingoni juu ya joho. Joho lilibaki Bukavu. Kitambaa kilivuka mipaka minne ndani ya Biblia.

Maître alinipa permit yake ili niende kutoa nakala. Kwa mazoea tu, kama nilivyofanya na karatasi mia moja na zaidi zilizopita mikononi mwangu, nilitazama chini penye mhuri.

Ilikuwa imekufa Alhamisi.

Nilitazama mara ya pili. Kisha nilifungua daftari na kuanza kutafuta jina lake. Nilitafuta kurasa zote. Jina la Grand lilikuwepo. Jina la mama lilikuwepo, na la mwenye duka langu, na langu mwenyewe. Lake halikuwepo. Utaratibu wangu ulikuwa kumwandika kila aliyeketi kwenye benchi, na yeye katika Jumapili zote zile hakuketi kwenye benchi hata mara moja. Aliketi kitini, kando yangu.

Niliiweka permit mezani na kuweka kidole penye tarehe.

Alivaa miwani, akatazama, akaivua. Mama aliacha pasi, akaja kutazama begani kwake.

“Nani anajua?” mama aliuliza.

“Sisi watatu,” Maître alisema.

“Ile kamati inaangalia jina na picha,” nilisema. “Tarehe hawaangalii. Mwaka jana hawakuangalia. Jumatatu utaenda kupanga mstari, utapata mpya, na itakuwa kama haikutokea.” Nilikuwa nasema haraka, kwa sababu kosa lilikuwa langu na nilitaka lifunikwe.

Maître alivaa miwani tena. Aliniomba katiba. Alisoma kifungu cha tisa chote, ambacho ni mistari miwili na nusu, kana kwamba kiliandikwa na mtu asiyemjua. Mama alirudi kwenye pasi. Alimaliza kitambaa, akakikunja mara nne na kukiweka ndani ya Biblia.

“Kesho ni kesho,” Maître alisema. “Karani, nenda utoe nakala. Usifunike tarehe.”

Nilitoa nakala. Tarehe ilionekana vizuri. Kamati ilipokea faili, ikatazama jina na picha, ikagonga mhuri.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mwenyekiti wa uchaguzi alikuwa mama mmoja muuza vitenge, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, ingawa alipewa. Alisoma majina ya wagombea cheo kwa cheo. Alipofika kwa Mwanasheria Mkuu alisema mgombea namba moja ni Grand, mgombea namba mbili ni Maître. Kisha akauliza, kwa sababu katiba inamtaka aulize, “Kuko mtu iko na pingamizi?” Alikuwa tayari amegeuza ukurasa.

Maître aliinua mkono.

“Maître, weye ni mgombea. Pingamizi ya nani?”

“Ya mgombea namba mbili.”

“Namba mbili ni weye.”

“Ndiyo, mama. Ninamfahamu vizuri.”

Watu walicheka. Alisimama, akatoa kile kitambaa cheupe mfukoni na kukifunga shingoni, juu ya koti lake la kijivu, bila kioo, kwa mikono iliyojua njia. Kicheko kilipungua chenyewe.

“Mama mwenyekiti,” alisema, na Kiswahili chake kilibadilika, kikawa kile cha vitabuni, “kifungu cha tisa cha katiba yetu kinataka mgombea awe na karatasi iliyo hai siku ya uchaguzi. Karatasi ya mgombea namba mbili ilikufa Alhamisi. Leo ni Jumapili. Naomba jina lake liondolewe.”

Wa kwanza kujibu alikuwa Grand. Aliruka kutoka kiti cha mbele.

“Hapana! Miye nakataa! Mama mwenyekiti, huyu mutu anataka kunikimbia! Siku tatu ni nini? Hata maziwa ya siku tatu tunakunywa!”

“Mwenzangu anazungumzia maziwa,” Maître alisema. “Mimi nazungumzia polisi. Naomba kumuuliza swali mwenyekiti wetu wa zamani.”

Mzee yule alikuwa mstari wa tatu. Alisimama polepole, akishikilia kiti cha mbele yake.

“Papa, siku ile ulipokwenda kituoni kumtoa mtu wetu, permit yako ilikuwa imekufa siku ngapi?”

“Mbili,” mzee alisema.

“Na ulilala ndani siku ngapi?”

“Nne.”

“Yule uliyekwenda kumtoa alitoka lini?”

“Alitoka mbele yangu, miye nikabaki,” mzee alisema, na ukumbi wote ukapasuka kwa kicheko, na yeye mwenyewe akacheka.

“Asante, papa. Sina swali lingine.”

Grand hakukubali. Alisema Maître ndiye aliyekiandika kifungu hicho, basi anaweza kukifuta kwa leo tu. Maître alimgeukia. “Nilikiandika, ndugu yangu, lakini nyinyi ndio mliokipigia kura. Tangu siku ile si changu.” Grand alisema yeye hataki kushinda bila mpinzani, kwamba ni aibu, ni kama kucheza mpira na goli tupu. Maître alisema aibu ya mgombea namba moja haimo katika katiba. Watu walikuwa wamesogea mbele kwenye viti. Nilimwona yule baba wa Chatsworth amesimama nyuma, mikono kichwani. “Mimi nilikuja kumunyima kura,” alipaza sauti. “Rufaa yangu imepokelewa, nikabadilisha mawazo kwa taxi. Sasa nampa nani?”

Hapo nilisimama. Niliinua daftari na kusema kwamba kosa ni langu, kwamba niliandika tarehe za watu wote nikaiacha ya kwake.

“Karani, keti,” Maître alisema bila ukali. “Daftari haikugombea.”

Niliketi.

Mama mwenyekiti aliuliza wanaokubali pingamizi wainue mikono. Ilianza mmoja mmoja, kisha ikawa mingi. Grand aliinua wake wa mwisho, akiutazama kama mkono wa mtu mwingine. Pingamizi lilikubaliwa. Maître aliinamisha kichwa mbele ya mama muuza vitenge, jinsi wanavyoinamia hakimu, na watu wakampigia makofi kwa muda mrefu mpaka mama akagonga meza. Yule mwanamume alikuwa ameshinda kesi yake ya kwanza Durban, na aliyeshindwa katika kesi hiyo alikuwa yeye mwenyewe.

Grand alichaguliwa bila mpinzani. Katibu aliandika katika kitabu cha chama: Mwanasheria Mkuu wa Jimbo, na kando jina la Grand. Nimekiona kitabu hicho mara nyingi tangu hapo. Jina la Maître halimo katika ukurasa ule, wala katika wowote uliofuata, kwa sababu hakugombea tena.

Jumatatu nilikwenda naye kupanga mstari. Alilipa faini ya kuchelewa, akapewa permit ya miezi mitatu, na mimi nikaiandika tarehe yake mbele ya nyingine zote. Grand naye alikuja, viatu vyeupe katika tope, akiwa na barua mbili za watu ambazo hakuzielewa. Kuanzia wiki ile, kila Jumanne, alionekana kwenye maegesho ya Sydenham ameketi juu ya kreti ya pili, anasomewa barua, anauliza, anaandika majibu mkononi mwake kwa kalamu. Kisha alikwenda polisi na hospitali na kwa wenye nyumba, akayasema maneno hayo kwa ile sauti yake nzuri ya saluni. Watu wengi walisaidiwa. Maître alisema Grand ni wakili mbaya na mdomo mzuri sana, na kwamba mahakamani angeulipa ule mdomo tu.

Lakini mimi nikikumbuka uchaguzi ule, ninachokiona kwanza ni mlango wa ukumbi, mkutano ulipokwisha. Watu walikuwa wanatoka wakimshika mkono. Mke wake alikuwa amesimama pale pale alipokuwa tangu mwanzo, mgongo kwenye nguzo, beseni la bluu miguuni, nusu ya mikate bado imo ndani na imepoa, kwa sababu tangu mumewe aliposimama hakuwa amemuuzia mtu hata mmoja. Mimi nilikuwa nyuma ya Maître hatua mbili. Maître alifika mbele ya mkewe, akasubiri, nadhani akitegemea utani.

Mke wake alimtazama kitambaa shingoni. Kilikuwa kimepinda kidogo. Alikinyoosha.

“Maître,” alisema, na hakushusha sauti, watu wote wa mlangoni walisikia, “beba beseni. Taxi itatuacha.”

Alilibeba. Nilitembea nyuma yao hadi kituoni. Hakukivua kile kitambaa njia nzima, na hapakuwa na mtu aliyecheka.